Kanda la Usufi: Safari ya Kitanda cha Porini

Theodore Roosevelt alishuka melini Mombasa mwezi Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kuondoka Ikulu ya Marekani. Katika mizigo yake kulikuwa na sanduku la vitabu. Vilikuwa kama 60, vimejalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili jasho, damu na mafuta ya bunduki visiviharibu. Uzito wa sanduku hilo ulipangwa tangu huko Marekani: haukufika ratli 60, yaani kama kilo 27, kwa kuwa huo ndio uliokuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Mtu ambaye hakujua kusoma Kiingereza alikuwa ameshapimiwa shingo yake na watu wa ng'ambo ya bahari kabla hajajua kwamba kuna mgeni anakuja.

Kila nikisoma matangazo ya loji za kifahari, zile zenye beseni la kuogea linaloangalia mtoni na taa za shaba juu ya meza ya chakula, hulikumbuka sanduku hilo. Matangazo humwahidi mgeni kwamba ataionja safari kama ilivyokuwa zamani. Kwa usiku mmoja mgeni huyo hulipa fedha ambazo mwalimu wa shule ya msingi hazipati kwa mwezi mzima. Basi tuitazame hiyo zamani yenyewe, tuone kitanda kilifikaje porini, nani alikibeba, na ardhi kilipotandikwa ilikuwa ya nani.

Neno safari ni letu. Mtu akienda Tanga kumwona shangazi yake, yuko safarini. Wazungu wa karne ya 19 walilikuta midomoni mwa watu wa misafara iliyotoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa kwenda bara kutafuta pembe na watumwa, wakalichukua pamoja na kila kilichokuwa ndani yake. Walichukua kirangozi anayetangulia na mnyampara anayesimamia. Walichukua posho, kibaba cha nafaka kwa mtu kwa siku. Walichukua hata mwendo wa msafara: kuondoka alfajiri, kutua kabla jua halijawa kali, kupanga mahema kwa duara na kuwasha moto. Mgeni wa leo anayeamshwa gizani kwa kikombe cha chai, akatolewa kutazama simba na kurudishwa kabla ya joto la saa tano, anafuata saa za wapagazi bila kujua.

Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote kwa kazi hiyo, na hawakuiona kuwa ya aibu. Kwao kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Walikuwa na bei zao, migomo yao na nyimbo zao, na bwana aliyepunja posho aliweza kuamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na watu hawapo. Ilikuwa fani. Sina raha ninapoona vitabu vingi vya kigeni vikiwataja kama idadi tu, watu mia mbili, watu mia tatu, kana kwamba ni punda.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sijui msemo unaoieleza safari ya Roosevelt vizuri zaidi. Kampuni ya Newland na Tarlton ya Nairobi ndiyo iliyomwandalia, na msafara ulianzia stesheni ya Kapiti, kusini mashariki mwa Nairobi, ukiwa na wapagazi wapatao mia mbili na ushei. Juu ya hema lake ilipepea bendera kubwa ya Marekani. Ndani kulikuwa na kitanda, chandarua na sehemu ya nyuma ya kuogea, ambako kila jioni alikuta maji ya moto. Tani nne za chumvi zililetwa kwa ajili ya kuhifadhi ngozi za wanyama. Ukizigawa kwa kipimo kile cha ratli 60 unapata mizigo isiyopungua 130, ingawa haikubebwa yote kwa mara moja. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kwa hesabu waliyoiandika wenyewe. Wanyama wengi walipelekwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington, na ngozi zile nazo zilitoka porini kwenye vichwa vilevile.

Majina machache yamebaki. Waliombebea Roosevelt bunduki waliitwa Muhamed na Bakari, na wa Kermit mmoja aliitwa Juma Yohari. Roosevelt aliwataja katika kitabu chake cha mwaka 1910, na kwa hilo namshukuru, maana waliofuata baada yake wengi hawakufanya hata hivyo. Mtu aliyechota maji ya kuogea, akayachemsha na kuyamimina kwenye beseni kwa wakati, aliijua kazi ambayo leo vyuo vya hoteli huifundisha kwa miaka miwili.

Vita ya mwaka 1914 ndiyo iliyoivunja fani hiyo. Waingereza na Wajerumani walipopigana kwenye ardhi yetu, wapagazi walikamatwa vijijini kwa maelfu kwa maelfu kubeba risasi na unga. Makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wakiuawa na kuhara, homa na njaa kuliko risasi. Kikosi chao cha uchukuzi Waingereza walikiita Carrier Corps, na ndimi zetu zikakigeuza kuwa Kariakoo. Anayenunua vitenge Kariakoo, Dar es Salaam, au vikapu kule Kariokor Nairobi, anakanyaga palipokuwa kambi yao. Kwenye mnara wa mashujaa pale Kenyatta Avenue, Nairobi, mpagazi amesimama pamoja na askari. Ni mara chache sana mtu huyo amechongewa sanamu.

Baada ya vita likaja gari. Mwaka 1928 mwindaji Denys Finch Hatton alipomwongoza mtoto wa mfalme wa Uingereza, yule ambaye baadaye alikuwa Edward VIII, msafara ulikwenda kwa malori. Lori halipimwi kwa ratli 60. Sasa mgeni aliweza kuja na barafu na kreti za shampeni. Watu wa kambi wakapungua, na waliobaki wakawa mpishi, boi wa hema, mfuatilia nyayo, dereva. Ukitembelea loji yoyote leo utawakuta walewale, wamebadilishiwa majina na sare.

Lakini hapo nimesema habari ya kitanda tu, sijasema habari ya ardhi, na huko ndiko historia hii inakouma.

Tarehe 10 Agosti 1904 serikali ya kikoloni ya Waingereza katika Kenya ya leo iliwekeana mkataba na Wamaasai, Olonana akiwa mkuu wa waliotia alama. Wamaasai waliondoka katika Bonde la Ufa, mahali penye reli na malisho bora, wakagawanywa katika maeneo mawili, moja kusini na jingine kaskazini, Laikipia. Waliahidiwa kwamba maeneo hayo yangekuwa yao maadamu kabila lao lingalipo. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaandikwa mkataba mwingine wa kuwatoa Laikipia, kwa kuwa walowezi walishaona nyasi zake. Watu wasiopungua 10,000 walisukumwa kusini na ng'ombe, kondoo na watoto wao, wakipita nyanda za juu zenye baridi na mvua, na wengi walipoteza mifugo na ndugu njiani.

Parsaloi Ole Gilisho, kiongozi wa Wamaasai wa Laikipia ambaye Waingereza walimwita Legalishu, hakukubali. Yeye na wenzake walitafuta mawakili wakaishitaki serikali. Hebu fikiria mwaka 1913, wafugaji wasioandika wanakwenda mbele ya majaji wa Kiingereza na mkataba wa Waingereza wenyewe mkononi. Mahakama haikusema kwamba walikosea. Ilisema mkataba ule ulikuwa kati ya madola mawili, na mahakama haina uwezo wa kuhukumu mambo ya madola. Yaani Wamaasai walikuwa dola siku ya kunyang'anywa, kisha wakawa raia wa chini asubuhi iliyofuata. Kesi ikaishia hapo, na Laikipia ikagawanywa kuwa mashamba makubwa ya ng'ombe. Jirani na hapo, kwenye nyanda za kaskazini mwa Mlima Kenya, shamba jingine, Lewa Downs, lilishikwa na familia ya walowezi mwaka 1922. Nitalirudia baadaye.

Ng'ambo ya pili, kwenye misitu ya Nyandarua karibu na Nyeri, jambo jingine lilikuwa likianza. Eric Sherbrooke Walker na mkewe, wenye hoteli ya Outspan, mwaka 1932 walijenga nyumba ndogo juu ya mti ili wageni wao wakeshe wakitazama tembo na vifaru wakinywa maji mbele yao. Wakaiita Treetops. Wageni walitembezwa kwa miguu msituni na mtu mwenye bunduki, na miti ya njiani ilikuwa imegongelewa ngazi za kukimbilia mnyama akitokea. Mti wenyewe ulikuwa mugumo. Kwa Wakikuyu mugumo si mti wa kupandisha wageni. Ni mahali pa sadaka na sala, na hata kuukata kuna masharti yake. Sijaona popote kwamba kuna mzee aliyeulizwa.

Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 binti mfalme Elizabeth alilala juu ya mti huo na mumewe. Baba yake akafariki usiku huohuo Sandringham, Uingereza, naye akashuka akiwa malkia. Kisa hicho kimesimuliwa hadi kimechakaa. Kinachosimuliwa kidogo ni kilichofuata: mwezi Oktoba mwaka huo serikali ilitangaza hali ya hatari, wapiganaji wa Mau Mau wakaufanya msitu ule ngome yao, na mwaka 1954 wakaichoma Treetops. Waliochoma walikuwa wana wa watu waliosali chini ya mugumo. Hoteli ikajengwa upya mwaka 1957 upande wa pili wa maji, kubwa kuliko ya kwanza, na wateja wake wengi walikwenda kwa ajili ya hadithi ya malkia.

Uhuru haukubadilisha mengi mara moja. Serikali za Kenya na Tanzania zilijenga hoteli kubwa za mawe na saruji; kwetu Tanzania shirika la utalii la serikali lilisimamisha Lobo, Seronera na ile ya ukingoni mwa Ngorongoro. Ni majengo mazuri, hasa Lobo iliyojengwa ikikumbatia miamba. Lakini mwaka 1977 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa hadi 1983, hivyo mgeni wa Maasai Mara, upande wa Kenya, hakuweza tena kuvuka kuingia Serengeti, na hoteli zetu zikakaa na vitanda vitupu. Na Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Wawindaji weledi, waliokuwa na mahema, malori, wapishi na wafuatilia nyayo hodari, walijikuta hawana kazi ila ya kamera. Kambi za mahema za kudumu zilikuwa zimeshaanza, kama ile ya Governors iliyofunguliwa Mara mwaka 1972, na sasa zikaongezeka. Halafu mwaka 1985 ikatoka filamu ya Out of Africa, ambayo yule Finch Hatton ni mmoja wa wahusika wake. Tangu hapo turubai, taa ya kandili, sanduku la ngozi na chandarua cheupe vikawa pambo linalouzwa ghali kuliko saruji. Hema lililokuwa la lazima kwa mtu asiye na nyumba likawa chaguo la tajiri.

Fikra ya pori la binafsi ilikomaa kusini. Huko Afrika Kusini, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Kruger, kwenye eneo la Sabi Sand, wenye mashamba ya kuwindia walianza miaka ya 1960 na 1970 kupokea wageni wa kulipa. Waligundua wana kitu ambacho hifadhi ya taifa haina. Katika hifadhi nyingi za taifa gari haliruhusiwi kuacha barabara, na jua likizama kila mtu anarudi ndani. Kwenye ardhi ya binafsi dereva anaweza kumfuata chui vichakani, anaweza kutoka usiku na tochi kubwa, anaweza kumshusha mgeni atembee. Magari mawili au matatu tu humzunguka mnyama, badala ya thelathini. Utulivu huo ndio bidhaa yenyewe, na unahitaji ardhi kubwa sana isiyo na watu. Swali la watu lilirudi huko pia: mwaka 2013 serikali ya Afrika Kusini ililipa zaidi ya randi bilioni moja kuinunua ardhi ya MalaMala, moja ya loji mashuhuri za Sabi Sand, na kuirudisha kwa jamii iliyoondolewa.

Kampuni ya loji ya Singita, iliyoanzia Sabi Sand mwaka 1993, ndiyo iliyoleta mtindo huo kwetu kwa ukubwa wake wote. Mwaka 2002 tajiri wa Marekani, Paul Tudor Jones, alipata haki ya kutumia mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, magharibi mwa Serengeti, jumla ya ekari zipatazo 350,000 pamoja na maeneo jirani. Mwaka 2006 Singita wakakabidhiwa kuendesha loji. Mojawapo, Sasakwa, imekaa kilimani kama jumba la bwana wa Kiingereza, ina mazizi ya farasi, na chini yake tambarare inakwenda hadi macho yanachoka. Nasema wazi kwamba pori lile limepona. Mahali palipokuwa na mitego ya nyaya kila upande, nyati na tembo wameongezeka, baadhi ya waliokuwa wakitega wameajiriwa doria, na mwezi Septemba 2019 faru weusi tisa waliletwa kutoka Afrika Kusini. Fedha za vitanda vichache na za wahisani ndizo zinazolipa hayo. Ila Waikoma na jirani zao waliwinda humo tangu mababu, na mtoto wa Robanda anayesimama nje ya mpaka hana namna ya kulala ndani hata usiku mmoja maishani mwake, isipokuwa akiajiriwa.

Turudi Lewa. Bei ya nyama ilipokuwa haieleweki na majangili wakimaliza vifaru, mambo ya nyanda zile yaligeuka. Kenya ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970; miaka 20 baadaye hawakufika 400. Mwaka 1983 mhifadhi Anna Merz alishirikiana na wenye shamba kuzungushia uzio sehemu ya Lewa iwe kimbilio la vifaru, na mwaka 1995 shamba zima likawa hifadhi ya wanyama. Jirani zao wa shamba la Ol Pejeta, Laikipia, walifuata njia hiyohiyo. Ndiko alikofia Sudan, kifaru mweupe dume wa mwisho wa aina ya kaskazini, tarehe 19 Machi 2018. Ng'ombe wa mlowezi wakampisha faru, na kitanda cha mgeni kikawa kinamlipa askari wa faru. Lakini ardhi haikurudi mikononi mwa wafugaji. Agosti 2004, miaka mia kamili tangu ule mkataba wa Olonana, wafugaji wa Kimaasai waliingiza mifugo kwenye mashamba ya Laikipia wakidai ardhi ya babu zao. Polisi waliwatoa kwa nguvu.

Ndiyo sababu loji ninayoipenda kuliko zote katika historia hii ni ndogo. Il Ngwesi, maana yake watu wa wanyamapori, ni jamii ya Wamaasai wa Mukogodo, waliosukumiwa enzi za ukoloni kwenye kona kavu kaskazini mwa Lewa, miamba na miiba. Ian Craig wa Lewa alikwenda kuzungumza na wazee wao kuhusu kujenga loji. Wazee walikuwa na shaka, na walikuwa na haki ya kuwa nayo: katika uzoefu wao, mtu akianza kuzungumzia wanyama, mwisho wake ni wao kuhamishwa. Walijadiliana muda mrefu. Mwaka 1996 loji ilifunguliwa, nyumba sita tu za miti juu ya kilima, mali ya jamii yenyewe, na wahudumu na waongozaji wake wakiwa vijana wa humohumo. Mapato yaligawanywa kwenye karo, zahanati na maji. Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa uliwapa tuzo ya Equator kule Johannesburg. Mwaka 2013 sheria mpya ya wanyamapori ya Kenya ikayatambua maeneo ya namna hiyo kuwa matumizi halali ya ardhi, na leo yapo mengi kutoka Samburu hadi Mara. Si yote yanayowapa wenyeji sauti kama Il Ngwesi, na mengine yamefikishwa mahakamani na wenyeji haohao.

Baadhi ya vyumba vya Il Ngwesi havina ukuta upande wa bondeni, na sakafu inaendelea hadi nje chini ya anga. Jioni kijana wa zamu hupanda kuja kutandika. Hufunga chandarua, huweka birika la maji na tochi, kisha hushika miguu ya kitanda na kukisukuma taratibu hadi nje, zitakakotokea nyota. Kitanda kina magurudumu. Akimaliza hushuka kwenda kwao, bomani, umbali ambao mtu huufikia kwa miguu kabla ya giza kuingia, kwenye ardhi ambayo jina la jamii yake limo katika hati.